Breki za umeme za tela: waya kwanza, kontrola baadaye

Kontrola, kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, ina aina mbili. Ya kuhesabu muda hukamata vilevile, uwe unajongea kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, au umekanyaga breki ghafla. Chukua inayopima gari linavyopunguza mwendo.

Kila gurudumu lina sumaku inayokamatisha breki; moja ya volti 12 hula takriban ampea 3. Tela la ekseli mbili, sumaku nne, ampea 12. Waya mwembamba hapo ni kujidanganya. Ethi, waya wa kurudisha umeme, nayo irudi hadi betri, isitegemee ndoano ya kuvutia tela. Kigamboni chumvi hula pini za plagi: ukiona ukungu wa kijani, breki zimeshaanza kulegea.

Jaribu breki tela likiwa na mzigo, barabara kavu na tupu, kilomita 40 kwa saa, kwa kitufe cha mkono cha kontrola. Tairi zikiburuza, punguza nguvu kwenye kontrola. Tela likikusukuma, ongeza. Mzigo ukibadilika, rudia.

Breki hizi kwa tela la boti? Hapana, maji ya bahari yatamaliza sumaku.