Siku moja ya Novemba mjini Ajo, bila Doa

Saa 11:30 alfajiri

Bado giza. Mwishoni mwa Novemba, hapa Ajo, Arizona, jua halichomozi mpaka saa 1 ipite kidogo, na baridi ya alfajiri ni ya koti, ingawa mchana shati moja linatosha.

Mabakuli ya mbwa wangu Doa yako palepale kando ya mlango, na hayo ndiyo kazi ya kwanza. Jangwani chombo cha mbwa aliyekufa hakiachwi nje. Maji huita nyuki, na nyuki wa huku wengi wana damu ya Kiafrika, wakali sana karibu na mzinga wao. Chakula kilichobaki huita javelina, wanyama wanaofanana na nguruwe pori wadogo, ambao huja usiku kundi zima na hurudi pale walipowahi kushiba. Bakuli la chakula linaingia ndani. La maji nalimwaga, nalisuuza. Ndani yake kuna pete nyeupe za chokaa, moja juu ya nyingine. Kila pete ni kimo ambacho maji yalifika kisha yakakauka. Siki ingezitoa mara moja. Naziacha.

Saa 1:30 asubuhi

Huu ndio msimu wetu mafundi. Wastaafu wanaokimbia theluji ya kaskazini wanafungua nyumba zao, na wenyeji wanafunga vipoza hewa vya maji. Mji huu uliishi kwa mgodi wa shaba wa New Cornelia hadi ulipofungwa mwaka 1985, na nyumba nyingi za enzi zile bado zina kipoza juu ya paa: sanduku la bati, feni, pampu ndogo, na pedi zinazoloweshwa ili upepo wa jangwa upite ukipoa.

Kukifunga kuna mpangilio wake. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha ukutani peke yake. Funga bomba la maji chini, kisha fungua kile kijibomba chembamba cha robo inchi pande zote mbili na ukipulize mpaka kikauke. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanamwaga maji ya sanduku na kusahau ya kwenye kijibomba. Usiku mmoja wa barafu mwezi Januari hukipasua, na ufa hauonekani mpaka Mei maji yanapofunguliwa na dari kuanza kulowa. Chomoa mrija wa kumwagia uliosimama katikati ya sinia, kwangua chokaa kwa kipande cha mbao ili usichubue rangi inayozuia kutu, toa pedi, toa pampu uisafishe, legeza mkanda wa feni. Funika sanduku kwa turubai. Mwisho funga kizuizi cha bomba la hewa ndani ya nyumba. Kikiachwa wazi, baridi inashuka sebuleni usiku kucha.

Nyumba moja huchukua saa moja na nusu. Leo ni mbili tu, kwa sababu mchana kuna kaburi.

Saa 4:15

Kati ya nyumba na nyumba, kipande cha chola kimenasa kwenye kiatu. Chola ni dungusi ambaye vipande vyake hukatika kwa kuguswa tu, na miiba yake ina vinyoya vinavyotazama nyuma. Usivute kwa vidole. Pitisha kitana cha meno mapana kati ya kipande na ngozi, kisha kirushe mbali nawe kwa mara moja. Kitana hukaa kwenye mlango wa pikapu kwa ajili ya mbwa. Bado kina manyoya ya Doa, meupe na ya kahawia, yamejisokota kwenye meno matatu ya mwisho.

Saa 6 mchana

Kilichomuua Doa ni homa ya bonde. Ni kuvu, Coccidioides, anayeishi kwenye udongo mkavu wa Arizona. Vumbi likitimka mbegu zake huvutwa na pumzi, ya mtu au ya mbwa. Mbwa wamo hatarini zaidi kwa kuwa pua iko ardhini na makucha yanachimba. Vipindi vibaya ni viwili, mwanzo wa kiangazi na Oktoba hadi Novemba, udongo unapokuwa umekauka baada ya mvua. Mbwa akikohoa kwa wiki kadhaa, akipungua uzito au akichechemea bila jeraha, omba kipimo cha damu mapema. Dawa ni flukonazoli, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12 au zaidi. Kuvu akishafika kwenye ubongo, kazi inakuwa ngumu mno.

Saa 8 mchana

Hapa chini kuna kalichi, tabaka la udongo ulioganda kwa chokaa hadi kuwa kama zege. Kwenye kiwanja hiki linaanza sentimita 40 chini.

Namba 811, ya kuwaita watu wanaoweka alama palipo na mabomba na nyaya za chini ya ardhi, ilipigwa Jumanne. Sheria inataka siku 2 kamili za kazi kabla ya kuchimba, na huduma ni bure, kwa hiyo leo Ijumaa alama zipo: nyekundu umeme, bluu maji, njano gesi. Hawaweki alama kwenye mabomba yako mwenyewe baada ya mita, hayo uyajue. Muda wote huo Doa amekuwa kwenye friza ya kliniki.

Kwa mbwa wa kilo 25, shimo liwe urefu wa mita 1, upana sentimita 70, kina mita 1.2, mbali na korongo ambalo mafuriko ya ghafla hupita. Kina si cha heshima tu. Mbwa aliyepunguziwa mateso na daktari kwa sindano ya kifo ya pentobabitali hubaki na sumu mwilini. Koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa huku, tai au tumbusi akimfukua na kumla, naye anaweza kufa.

Mwagia udongo lita 20 za maji kwanza na uvae barakoa ya N95. Kuvu yule yule yumo. Juu tumia sururu. Kwenye kalichi weka sururu kando, chukua mtaimbo. Usipige katikati, utachosha mikono bure. Tafuta ukingo, piga ncha chini yake, inua, bamba zima litabanduka. Mabamba hayo yaweke pembeni, utayahitaji.

Saa 10:45 jioni

Shuka ya pamba, si plastiki. Plastiki humzuia kurudi udongoni. Yuko mwepesi kuliko nilivyotarajia. Amelala ubavu, pua kuelekea nyumbani.

Udongo unarudi kwa tabaka za sentimita 20, kila moja inamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa. Ukimwaga wote kwa pamoja utatitia, na harufu itapata njia. Nusu mita kabla ya kujaa napanga mabamba ya kalichi yakibanana, kisha udongo tena, kisha mawe ya kawaida juu. Jua linazama saa 11:20, na jiwe la mwisho linawekwa kwa taa ya pikapu.

Saa 3 usiku

Koyote wanalia upande wa mgodi. Nazunguka na tochi: mawe hayajaguswa. Mvua ya kwanza itashusha udongo kidogo, na ndoo mbili zilizojaa udongo ziko kando kwa ajili hiyo.