Jinsi nilivyofuatilia dawa za kaka yangu mwenye ulemavu wa akili

Kaka yangu ni mtu mzima wa miaka 41, ana ulemavu wa akili tangu utotoni na ana kifafa. Maneno yake ni machache. Mama yetu alipofariki nilimchukua tukae naye hapa Morogoro, akaja na mfuko wake wa dawa: fenobabitoni ya kifafa aliyoizoea tangu mdogo, haloperidoli ya jioni, na vidonge vya benzeksoli vya kuzuia kutetemeka. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyekabidhiwa ndugu na mfuko kama huo bila maelezo yoyote.

Fenobabitoni haikunipa shida kuielewa. Haloperidoli ndiyo iliyoninyima usingizi. Hupewa hasa watu wanaosikia sauti au kuona visivyokuwepo, na kaka hajawahi kuwa na hali hiyo. Kwenye karatasi zake za zamani sababu iliyoandikwa ilikuwa moja tu: mkorofi, anapiga watu. Ukorofi haukuisha, dozi ikaongezwa. Mikono ikaanza kutetemeka kwa sababu ya dozi hiyo, ndipo akaandikiwa benzeksoli. Yaani dawa ya tatu ilikuwa inatibu madhara ya ile ya pili.

Nilinunua daftari. Kila usiku baada ya chakula niliandika amelalaje, amekula nini, ameanguka au hakuanguka, amekasirika saa ngapi na nini kilitangulia, amepata choo au hakupata. Mstari huo wa choo ndio uliotoa jibu. Hasira zilikuja kila alipokaa siku kadhaa bila kwenda chooni. Alikuwa anasukuma sahani, anakunja ngumi na kujigonga chini ya kitovu, na ukimshika kiunoni wakati wa kumwogesha anarusha mkono. Nani asingerusha mkono?

Kilichowachanganya wengi ni kwamba wakati mwingine nguo yake ya ndani ilikuwa na majimaji, basi wakasema anaharisha. Muuguzi mmoja mzee wa kituo cha afya alimlaza, akampapasa tumbo taratibu, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka upande wa kushoto, chini. Nikahisi kitu kigumu. "Mwanangu, huyu haharishi," akaniambia. "Choo kimegandamana, haya maji yanapenya pembeni." Akanionya nisithubutu kumpa dawa ya kuzuia kuharisha.

Benzeksoli hupunguza mwendo wa utumbo, na haloperidoli inaweza kuongezea. Weka na mtu ambaye haombi maji mpaka umpe. Choo kikikaa hivyo kwa muda mrefu, utumbo unaweza kuziba kabisa, na watu wazima wenye ulemavu kama wa kaka hufa kwa jambo hilo huku kila mmoja akisema ni tabia yake tu.

Kwa daktari wa magonjwa ya akili nilienda na daftari pamoja na mfuko mzima. Kwa kila kidonge niliuliza kinatibu nini, tutajuaje kama kinasaidia, na lini tutakaa kukitazama upya. Daktari alikuwa anaongea nami tu, nikamwomba, "Daktari, naomba umuulize mwenyewe." Akamgeukia, akamsalimia, akamuuliza panapouma. Kaka akapandisha shati na kuweka kidole pale pale alipopashika muuguzi.

Akaanzishiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, pamoja na maji kwa saa, papai na mboga za majani. Tumbo lilipotulia na hasira kupungua, haloperidoli ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na benzeksoli ikafuata. Yote kwa maelekezo ya daktari. Fenobabitoni haikuguswa, na hapa nasisitiza: usimkatishe mtu dawa ya kifafa ghafla. Degedege linaweza kumjia mfululizo lisikome, na hilo huua.

Binamu yangu anafanya kazi ya kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu huu Birmingham, Uingereza. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hata huko tatizo ni kubwa: mwaka 2015 mamlaka ya afya ya jamii ya England ilikadiria kuwa kila siku watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu huu walikuwa wanapewa dawa za akili au za sonona bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Mwaka 2016 ikaanzishwa kampeni ya STOMP ya kukomesha hali hiyo. Alinionyesha pia karatasi ambayo mtu wa aina hii huenda nayo hospitali huko, inayowaeleza wahudumu yeye ni nani.

Nami nikamtengenezea kaka ya kwake, ukurasa mmoja. Anapenda aitwe kwa jina, si "huyu". Akiumwa hasemi, anakunja ngumi na kuacha kula. Sindano anaikubali akionyeshwa kwanza na kuhesabiwa mpaka tatu. Dawa anazotumia, na zile zilizomdhuru. Nakala moja iko kwenye mfuko wa dawa, nyingine kwa jirani anayempeleka kliniki nisipokuwepo.

Sasa haloperidoli na benzeksoli hatumii tena. Bado hukasirika, hasa nyumba ikijaa kelele, na mstari wa choo bado naujaza. Kwa kuwa fenobabitoni ikitumika miaka mingi inaweza kudhoofisha mifupa, nimeshamwandikia daktari swali hilo kwenye daftari kwa ajili ya kliniki ijayo.