Mwenye kuijua faraidh asiiogope kompyuta

Mtoto wa kaka yangu kamaliza kidato cha nne Wete na anataka kusoma sayansi ya kompyuta, iwe SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au huku Uingereza niliko mimi. Kila akinitumia sauti ya WhatsApp swali ni lilelile: "Shangazi, nitawaweza kweli wenzangu? Mimi kompyuta nimeigusa maabara ya skuli tu, tena tulikuwa watatu kwenye moja." Najua wazazi wengi nyumbani wana wasiwasi huohuo, kwa hivyo jawabu hili ni lake na ni lao.

Utawaweza, mwanangu. Kozi ya utangulizi niliyoisoma mwaka wa kwanza hapa Leicester ilianza kwa kalamu na karatasi. Mhadhiri hakuuliza nani ana mashine nzuri. Alitaka kuona nani anaweza kuandika hatua za kazi moja, kwa mpangilio, bila kuacha pengo ambalo msomaji atalijaza kwa kukisia, kwa sababu kompyuta haikisii. Hatua hizo ndizo zinazoitwa algoridhimu, na hapo mtoto aliyepita chuo cha Kurani Pemba ana akiba kubwa kuliko anavyodhani.

Mzee anayetajwa mwanzo kabisa wa somo hili ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, katika Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima. Darasani tuliambiwa habari za aljebra yake, basi. Hatukuambiwa kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra ni mas-ala ya wasia na mirathi. Hilo nililisoma mwenyewe maktaba, na nikalifurahia mno, kwani mirathi ndiyo hisabati niliyokulia nayo. Baba amesomesha faraidh, elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, miaka mingi, na nyumba yetu haikosi watu waliokuja kuuliza nani apate nini.

Itazame faraidh kwa jicho la mwandishi wa programu. Kama marehemu ameacha mtoto, mke apewe 1/8. La sivyo, 1/4. Kama marehemu ni mke na ameacha mtoto, mume apewe 1/4. La sivyo, 1/2. Kila fungu lina sharti lake, na sharti moja linaweza kumzuia mrithi mwengine asipate kitu. Wenzangu darasani walihangaika kuelewa masharti yaliyoingia ndani ya masharti. Mimi nilikuwa nayasikia barazani tangu mdogo.

Kwa hivyo tulipotakiwa kuandika programu ya kumalizia muhula kwa lugha ya Python, nilichagua mirathi. Mhadhiri aliidhinisha kwa masharti ya kawaida: lazima programu ijaribiwe kwa mifano inayoweza kuivunja. Mfano wa kwanza nilioupanga ni huu. Bibi amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi, kaacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja, na shamba la mikarafuu 42. Mume ana 1/2, yaani miti 21. Dada wawili wana 2/3, yaani miti 28. Jumla 49. Programu inayofuata mafungu peke yake itagawa miti saba ambayo haijapandwa na mtu. Hapa ndipo inapoingia aul, yaani kila fungu kupunguzwa kwa uwiano mafungu yanapozidi mali: asili ya mas-ala (namba ya chini ya sehemu) ni 6, inapandishwa hadi 7, mume anapata 3/7 na dada wanapata 4/7. Miti 18 kwa mume, 12 kwa kila dada. Inatimia 42.

Likizo nilikwenda nayo Wete. Nilimwomba Baba anijaribie, akakaa upenuni na miwani yake, yeye anataja warithi, mimi naandika. Kila jawabu likitoka analihakiki kwanza kwa kalamu kwenye daftari lake, ndipo anasema, "Haya, mwengine." Mtoto wa kaka alikuwa pembeni, na jioni ile ndiyo aliyoanza kuniuliza habari za masomo haya.

Jambo jengine alilolitaka Baba ni kujua kwa nini sikuziandika sehemu kwa desimali. Ni swali la kitaalamu hasa. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, 0 na 1. Kwa njia hiyo 1/8 inakaa sawasawa, lakini 1/3, 1/6, hata 0.1, hazina mwisho, kwa hivyo zinakatwa mahali. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Katika mali ya mayatima sikutaka hata chembe hiyo. Nikahifadhi kiasi na asili kama namba mbili nzima, na hesabu ikabaki ya sehemu mpaka mwisho.

Yaliyobaki kwenye kozi utayafahamu. Kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti, ukiikata nusu kila mara, majina milioni 1 yanahitaji hatua 20 tu. Somo zuri kuliko yote kwangu ni la Alan Turing. Mwaka 1936, kabla ya kompyuta za elektroniki, alithibitisha kwamba hakuna algoridhimu moja inayoweza kuipima programu yoyote ile na kusema kwa hakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Wengi hulipita haraka kwa sababu halina kitu cha kuonyesha kwenye skrini. Usilipite.

Kinachochosha huku ni Kiingereza cha vitabu, na baridi ya asubuhi unapowahi maabara. Kiingereza hicho anza nacho sasa, kurasa chache kila siku, na daftari la maneno liwe karibu. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard iko wazi bure kwenye intaneti. Wakati bando lipo, pakua mihadhara yake uitazame polepole. Wazazi nao wasiuze shamba kwa ajili ya kompyuta ya gharama, kwani kazi za mwaka wa kwanza zinafanyika kwenye mashine ya kawaida kabisa.

Na zoezi lako la wiki hii ni radd. Marehemu kaacha mama na binti mmoja, basi. Mama 1/6, binti 1/2, na kinabaki kitu kisichokuwa na mwenyewe. Andika hatua za kukirejesha kwao, kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kisha mpelekee babu yako aziangalie kabla hujanitumia.