Nilivyowapeleka watoto wadogo likizo ya shambani Marangu

Wifi yangu alinitangazia mbele ya watu kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kulala shambani. "Atalia usiku kucha, na mchana utashinda unamtoa kwenye kinyesi cha ng'ombe." Akanipa na orodha: tableti iliyojaa katuni, paua benki, maziwa ya boksi, ratiba ya kila saa. Mama mmoja wa hapa mtaani kwetu Sakina akakazia kwamba nisiwaache waguse mnyama yeyote. Sasa tunaenda kufanya nini, kuhesabu migomba?

Tumekwenda na tumerudi, na wiki hii naringa, mnivumilie.

Tulifikia kwa bibi mmoja Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwenye kihamba (shamba la Kichaga la migomba na kahawa linalozunguka nyumba) na vyumba viwili vya wageni. Safari yenyewe si ya kusimulia: Arusha hadi Moshi, mnatoka Himo, mnapanda. Ila kila aliyenishauri alinitajia mbu, hakuna aliyenitajia baridi. Mwezi wa sita na wa saba kule juu ukungu unaweza kukaa hadi saa tano asubuhi. Pitieni soko la Memorial pale Moshi mnunue masweta ya mitumba na gambuti za watoto. Sisi kila pea ilikuwa elfu nane, labda tisa, na hakuna hela niliyoitumia vizuri kuliko hiyo, maana njia za kihambani ni tope, na mtoto wa peku ni mali ya funza na siafu.

Mchana wa kwanza tulipangiwa darasa la kahawa. Kijana wa shambani anajua mambo yake, lakini alianzia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilivyoandikishwa mwaka 1933. Kabla hajafika kwenye bei za mnadani, mkubwa wangu wa miaka sita akanyoosha mkono kuuliza kama mbuzi ana meno ya juu. Mdogo alishalala mgongoni kwa baba yake. Kilichotuokoa ni kinu. Walipopewa mchi watwange kahawa kavu huku watu wazima wanaimba, darasa likafufuka. Kwa hiyo kama mna wadogo, ombeni mwanzie kwenye kuchuma zile nyekundu na kutwanga. Historia wasimulieni wazee jioni, ni nzuri sana.

Sasa nije kwenye jambo langu la kuringia. Uchagani ng'ombe wengi hufugwa ndani, majani wanaletewa zizini. Mdogo alipoona lile pua kubwa jeusi likitokeza kati ya mbao, alipanda mwilini mwangu hadi shingoni. Baba yake akajaribu njia ya kiume: akambeba hadi mlangoni, "Mshike, hana shida." Ng'ombe akapiga chafya. Vilio vile nadhani vilisikika Mwika. Bibi akasema, "Mwacheni mjukuu wangu, na ng'ombe naye anamwogopa."

Nikakaa nikatazama mzigo wa gwatemala, yale majani ya kulishia ng'ombe, uliokuwa umeletwa. Yale majani ni marefu, mengine yananipita kimo. Nikachagua bua refu kuliko yote, nikampa mtoto ashike upande wa shina, nikamwambia asimame pale pale alipo, mbali, karibu na banda la kuni. Ncha ikafika kwa ng'ombe. Ulimi ukatoka, ule mrefu wa kijivu wenye mikwaruzo, ukajizungusha kwenye jani ukalivuta. Mtoto akahisi mvuto mkononi, akaliachia na kukimbia. Halafu akarudi. "Lingine."

Kumbe alikuwa anacheza kuvutana kamba! Nami kila nilipomletea bua jipya nilikuwa nimelikata kidogo kwa panga, nyuma ya banda, hajui. Asubuhi iliyofuata nikalikata zaidi. Hakuna aliyemwambia asogee, ni bua lilikuwa linamsogeza. Jioni nilimkuta amesimama mlangoni mwa zizi na jani fupi lisilozidi kiganja, ng'ombe anamlamba vidole, na yeye anamgombeza: "Subiri, tafuna kwanza!" Baba yake alikaa kimya muda mrefu.

Kuanzia hapo nikampa kila mtoto kazi ya kweli, na neno "nimechoka" sikulisikia tena. Mkubwa alipewa kuokota mayai. Mdogo akawa mkuu wa majani, na akielezea watu kwamba kinyesi cha ng'ombe ndiyo chakula cha migomba, jambo ambalo nusu ya watu wazima mjini hawalijui. Tableti ilikaa kwenye begi.

Choo cha shimo: bebeni poti, mambo yaishe. Maziwa lazima yachemshwe, hata kama mwenyeji mwenyewe anayanywa yakiwa ya moto kutoka kwenye chuchu, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtoto anapotoka zizini. Wangu hawakuyataka kwa sababu "yananuka ng'ombe" mpaka bibi alipoyatia tangawizi. Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, waliula bila maswali.

Kuna mfongo unapita nyuma ya nyumba, ile mifereji ya Wachaga ya kushusha maji ya mlimani hadi mashambani. Walishinda pale wakishindanisha mashua za maganda ya mgomba. Kaeni nao, kina ni kifupi lakini maji yana kasi, na si ya kunywa. Maporomoko tuliyaacha. Kumpandisha na kumshusha mtoto mtelezo ule ili apigwe picha akilia, sioni faida.

Msiende masika. Kuanzia Machi hadi Mei kule ni utelezi mtupu, na gari dogo litawaaibisha.

Gharama: tulilipa laki na kitu kwa usiku, sisi wote, na chakula humo humo. Ulizeni mapema kuhusu bei ya watoto, wengine huwahesabu nusu. Wetu wa miaka mitatu hakulipiwa hata senti, na alikula kuliko baba yake.