Siku moja maishani mwangu: mvua ya majina ya kanga

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye daladala, begi la laptopu mapajani. Nipo mwaka wa mwisho chuoni hapa Dar es Salaam, na wiki hii darasa letu lina maonyesho ya sanaa ya kidijitali. Kazi ya kundi letu iko hivi: unasimama mbele ya kitambaa cheupe, unaona umbo lako, na herufi zinakunyeshea kutoka juu. Zikikukuta kichwani, begani au kiganjani, zinatua. Ukituliza mkono zinakusanyika, unasoma jina la kanga.

Ufundi huu hatukuuanzisha sisi. Mwaka 1999 Camille Utterback na Romy Achituv walitengeneza Text Rain, ambamo herufi za shairi huwadondokea watazamaji. Sisi tumeweka maneno ya mama zetu.

Saa 2. Kabla ya kuwasha chochote, tunaziba madirisha. Kamera yetu ni Kinect ya kwanza, ile iliyotoka 2010 kwa michezo ya Xbox 360, tuliipata mtumba. Inamwaga vidoa vya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, inaangalia vidoa hivyo vimesogea vipi, kisha inakadiria kila kitu kiko umbali gani. Jua nalo limejaa infraredi. Likipenya, vidoa vinamezwa. Kwa hiyo ni maturubai, soloteipu, na ngazi ya kuazima kwa mlinzi. Ukisikia sanaa ya kidijitali, ujue nusu yake ni kupanda ngazi.

Saa 3 na nusu. Projekta inakaa nyuma ya kitambaa cha marekani, mtu asije akaikinga. Mwenzetu anayeandika msimbo wa kompyuta anatumia Processing, programu ya bure ya kuandikia msimbo wa sanaa, waliyoianzisha Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001. Anaweka mpaka: kilicho ndani ya mita 3 kihesabiwe mtu, cha mbali zaidi kipuuzwe.

Saa 5. Wageni. Watu wazima wanasimama mlangoni, mikono nyuma: "Hii kazi yake nini?" Watoto hawaulizi, wameshaingia wanarukaruka. Wenzangu wanataka tubandike maelezo mlangoni. Mimi sitaki. Mtu akishasoma maelezo, anafanya yaliyoandikwa tu.

Kisha akaingia mama mmoja kavaa buibui jeusi. Kwenye kitambaa ukaonekana uso na viganja. Herufi zikampita kifuani kana kwamba hayupo. Kuna vitambaa vyeusi vinavyofyonza infraredi, na mwanga usiporudi, Kinect inaandika sifuri, yaani umbali haujulikani. Katika mji huu huwezi kuonyesha kazi isiyoona buibui. Mwenzetu akakaa chini palepale, akaongeza sharti: palipoonekana ukuta asubuhi, pakiwa na sifuri sasa, pahesabiwe mtu. Kingo zilibaki na chengachenga, lakini mama aliporudi herufi zilimtua mabegani. Akacheka, akampigia dada yake simu aje.

Saa 7. Wali maharage, umeme umekatika. Tuachane na hilo.

Saa 9. Bibi mmoja kaletwa na mjukuu wake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu." Akakinga viganja viwili, akasubiri, akasoma kwa sauti: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Akatugeukia.

"Nani kawapangia haya?"

Tukamwambia kompyuta inachagua yenyewe.

"Basi haina adabu. Hili ni la kumrushia mtu. Mtoto mdogo mpeni NANI KAMA MAMA, mafumbo ya watu wazima muwaachie wenyewe."

Alikuwa na haki. Kanga hainunuliwi kwa kufumba macho. Mtu husoma jina kwanza, akafikiria atampa nani na huyo atalichukuliaje. Sisi tulikuwa tunamwaga tu.

Saa 1 jioni. Wageni wameondoka, tumebaki na soda za moto. Kamera inajua umbali, kwa hiyo kimo cha mtu kinahesabika. Tukagawa majina mafungu mawili: wafupi wapate ya upole, warefu mafumbo. Wazo hilo likafanya kazi mara moja, tukapigana viganja.

Halafu dada wa michoro akauliza: yule bibi ana kimo gani? Tukatazamana. Bibi hamzidi mjukuu wake. Sasa ni saa 4 usiku na bado tunabishana. Mimi nasema mfupi akisimama bila kurukaruka, apewe mafumbo.