Jinsi nilivyoushinda usaili nikiwa na kigugumizi

Mara tatu niliitwa kwenye usaili hapa Mwanza, na mara zote nilikwama mahali pamoja: jina langu. Maneno mengine mwenye kigugumizi huyakwepa, akasema "kazi" badala ya "ajira", lakini jina halina kisawe, nami nilibaki nimefumba macho, taya limekakamaa, huku jopo likitazama karatasi.

Nilijaribu kukariri majibu, kisha kuongea haraka. Yote yalizidisha mkwamo. Mazoezi mbele ya kioo yalinidanganya zaidi, kwa kuwa wengi wetu hatupatwi na kigugumizi tukiongea peke yetu. Ndipo nilipohamishia mazoezi mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, ambako kwa wiki mbili niliwauliza akina mama bei ya dagaa, nikitanguliza, "Shikamoo mama, nina kigugumizi, naomba univumilie." Mmoja alijibu, "Marahaba mwanangu, dagaa hawakimbii."

Kilicholeta tofauti ni mpangilio. Zamani nilitaja kigugumizi baada ya kukwama, ikasikika kama kuomba radhi. Katika usaili wa nne nilikitaja kabla ya jina: "Nina kigugumizi, nitakwama mahali, ila nitamaliza mwenyewe." Kisha nilitoa pumzi kidogo, nikaianza silabi ya kwanza taratibu bila kukaza midomo. Jina lilitoka kwa vipande viwili. Mwenyekiti wa jopo aliweka kalamu chini, akasubiri. Nilikwama tena mara kadhaa (hasa kwenye "bajeti"), lakini hakuna aliyenimalizia neno. Jumatatu ninaanza kazi.