Kiboko hiki kinauma

Ijumaa, usiku.

Umeme umekatika tangu magharibi, nasahihisha kwa tochi ya simu. Madaftari yamebaki 13. Lakini daftari lililonikosesha raha wiki nzima halimo humu. Nililisahihisha Jumatatu, nikalirudisha, na mwenyewe hakulalamika. Watoto wa darasa la tatu hawabishani na kalamu nyekundu. Wanaitazama, wanafunika daftari, wanakwenda zao kucheza.

Zoezi lilikuwa fupi. Nomino 10, mtoto azipange kwenye ngeli zake, kisha kila moja aitungie sentensi yenye huyu, hiki, hili, huu au hii. Namba saba ilikuwa kiboko. Mtoto mmoja wa upande wa dirishani, wale wanaokaa kimya mpaka unasahau wamo, aliitia kiboko kwenye KI-VI, akaandika: Kiboko hiki kinauma. Nikapiga mkasi. Pembeni nikamwandikia kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Kiboko huyu anauma. Tisa kwa kumi, na "Vizuri" chini yake. Nikaona nimemtendea haki.

Kwa asiye mwalimu nieleze: kiboko nilimweka makusudi, ni mtego. Mtoto akishajua kwamba kiti, kisu na kikombe ni KI-VI, anatupia humo kila kinachoanza na ki-: kipepeo, kifaru, kinyozi, kiongozi. Wala si ajabu, maana sisi tuliosoma zamani ndivyo tulivyofundishwa. Tulipanga kwa umbo la neno: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, tunaimba mpaka kengele inalia. Siku hizi tunapanga kwa upatanisho, tunatazama neno linavyoiburuza sentensi nzima nyuma yake. Kipepeo ameruka, hakuna asemaye kipepeo kimeruka. Basi ni A-WA (ameruka, wameruka), na ile ki- ya mbele ni nguo tu aliyovaa.

Hayo yote ninayo ukutani kwenye karatasi la manila, nililolichora kwa kalamu za rangi nne likanila Jumapili nzima. Watoto wanalipenda. Tatizo ni kwamba ukimwuliza mmoja "jembe liko ngeli gani?" anageuza shingo kwanza kutazama ukuta. Na mtoto huyohuyo dakika tano nyuma alikuwa uwanjani anapiga kelele "Mpira umetoboka! Uleteni huku!" Hakuna ukuta aliotazama pale.

Niliwahi kusoma juu ya Katherine Demuth, mtaalamu aliyewarekodi watoto wadogo wa Lesotho wakiongea Kisotho na watu wa nyumbani kwao. Kisotho nacho ni Kibantu, kina ngeli zake, na watoto wale wakiwa na miaka karibu 3 tu upatanisho walikuwa wameshaushika. Wangu wana miaka minane na tisa. Nimekuja na karatasi langu la manila miaka mitano baada ya sherehe, halafu nawakaribisha wao kama wageni.

Na ukifikiri, ndivyo lugha ilivyojiendesha siku zote. Kitabu kilitoka kwa Waarabu, ambao kwao vingi ni kutub. Watu wa pwani walisikia ki- mwanzoni, wakasema vitabu, na hakuna aliyeitisha kikao. Madereva nao walipoliona lile neno la Kiingereza, keep left, kwenye mzunguko wa barabara wakapata kipilefti, na kesho yake mji ukawa na vipilefti. Mdomo ulipanga kwanza. Wenye vitabu vya sarufi walikuja baadaye kuhesabu: Bleek katika karne ya 19, Meinhof baada yake, wakazipa ngeli za Kibantu namba ili mtu wetu na muntu wa wengine wakae kwenye namba moja. Chuoni namba hizo zilinisaidia sana. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni mzigo wa bure, na mwenzangu mmoja anayezifundisha hivyo hivyo nimeshamwambia, tumenuniana siku mbili.

Jumatano, basi, niliacha manila ukutani nikawatoa nje, chini ya mwarobaini. Tuko pwani ya Pangani. Huku mwalimu akisema hana zana za kufundishia, huyo kaamua mwenyewe, maana minazi ipo. Siku iliyotangulia nilimwomba kila aliye na kitu cha mnazi nyumbani akilete. Nilitegemea nazi tatu nne. Wakamwaga mkekani madafu, nazi kavu, vifuu, makumbi, makuti mabichi, fagio za chelewa, upawa wa bibi ya mtu ambaye nina hakika hakuombwa ruhusa, na mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yamefungwa kitambaa. Watoto 74, mkeka mmoja.

Nikasema: pangeni. Sikusema kwa vipi. Wakapanga vya kula huku, vya kuni kule, vya bibi katikati. Kifuu na kumbi vikaenda kwenye kuni bila mjadala. Ugomvi ukazuka kwenye kuti.

"La kuezekea hilo!"

"La kwetu tunachomea!"

Nilikaa nikawaacha wagombane. Wawili wale hawakukubaliana juu ya chochote isipokuwa hiyo la.

Kisha tukacheza kupotea. Wanafumba macho, naficha kitu kimoja nyuma yangu, wanafumbua, nauliza: "Nini kimepotea?" Sharti moja tu, ujibu kwa sentensi nzima.

"Kifuu kimepotea!"

"Dafu limepotea!"

"Nazi imepotea!"

"Upawa umepotea!" Huyu alisema kwa hofu, nadhani ndiye mwenye bibi.

Mimi kila mara nauliza kimepotea, wao wanajibu limepotea, imepotea, umepotea. Swali langu halikumvuta hata mmoja. Sikuwa nimeligundua hilo mpaka mzunguko wa nne wa tano hivi, na nilipoligundua nilijisikia kicheko kifuani. Nikawaambia sasa vipangeni upya: vyote vya limepotea hapa, vya kimepotea pale. Dafu, kuti na kumbi vikakaa pamoja. Ngeli ya LI-YA hiyo, imekaa mkekani, na neno ngeli lilikuwa bado halijatamkwa.

Mnazi hatukuweza kuuficha, basi wakafumba macho wenyewe na kuamua umepotea. Mvulana mmoja akajificha nyuma ya shina akawa mkwezi, amepotea. Upawa na mnazi vyote vilisema umepotea, vikawekwa fungu moja, mpaka nilipowaambia wavipoteze vingi vingi: minazi imepotea, pawa zimepotea. Fungu likajipasua lenyewe. Kwenye ufagio darasa liligawanyika, nusu "fagio zimepotea", nusu "mafagio yamepotea", nikawaacha hivyohivyo kwa siku ile. Kwangu nyumbani pia ni mafagio. Halafu dafu moja lilipoinuliwa likaonekana jepesi. "Mwalimu, maji yamepotea!" Yalikuwa yamepotea kweli, na aliyeyapoteza alikuwa anajifuta mdomo. (Wenzetu wa Kenya maji wameyajengea chumba chake, YA-YA, kwa kuwa hayana umoja. Sisi tumeyabana na madafu. Nikiwa mkweli, chumba cha Wakenya nakionea wivu.)

Mchezo huu ulinitatulia na jambo jingine, la kutambua nomino yenyewe. Kwenye daftari wanaandika nomino ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au hali, halafu unawaomba mifano wanakupa tamu, nyeupe na kukimbia. Safari hii mmoja alipotaja tamu wenzake walilijaribu, "tamu imepotea", wakaangua kicheko. Nyeupe ikafuata njia hiyo. Kukuna nilidhani nako kutaanguka, lakini binti mmoja akasema taratibu kama mtu mzima, "Kukuna kumepotea, siku hizi nazi tunapeleka mashine ya sokoni." Sikuwa na la kuongeza. Nikajaribu njaa, nione watafanyaje na kisichoshikika. "Njaa imepotea," nikasema. Wakakubali sentensi, wakaikataa habari. Ilikuwa saa tano na nusu.

Ndipo nikaificha mbuzi.

"Mbuzi imepotea!" likajibu darasa lote, isipokuwa mmoja aliyehamia kwetu mwaka huu kutoka bara, ambako nazi ni kitu cha dukani. Yeye alisema "Mbuzi amepotea", na akageuka kutazama uwanjani, ambako wa jirani wanakula majani kila siku. Wenzake wakamcheka. Nikawanyamazisha, maana kati ya yote ya siku ile hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Nani amekosea? Hakuna. Mbuzi anakula majani, mbuzi inakula nazi. Sauti moja, maneno mawili, na kila moja lina ndugu zake.

Baada ya hapo sikufundisha tena, niliwashika tu wasipande mti. Ndege huyu, ndege hii. Paa huyu wa porini, paa hili linavuja. Kaa huyu ana miguu mingi, kaa hili la moto. Mmoja akasema kifaru hiki cha wanajeshi, alikiona kwenye televisheni. Mwingine akauliza tembo wa mnazi ni mnyama gani, na hapo nikawaletea mgema wa pombe ya mnazi, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Hulitia, si humtia. Wakamtafakari mtu anayemtia ndovu maji, wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani.

Katikati ya kelele hizo nikasikia sauti upande wangu wa kushoto, ndogo, kama ya mtu anayejisemea.

"Na kiboko."

Alikuwa yule wa dirishani. Nikamwambia ndiyo, kiboko yuko mto Wami, huko Saadani, mkubwa sana. Akatikisa kichwa.

"Siyo huyo. Cha ofisini."

Nimefundisha miaka 11. Nilijua, bila shaka nilijua. Viboko vilikatwa kwenye ngozi ya mnyama, ndiyo maana jina ni lilelile; cha ofisini kwetu ni fimbo tu ya mpera, lakini jina limeganda. Nilipokuwa natunga zoezi nilimwona mnyama, kwa sababu mtego wangu ulikuwa wa mnyama. Mtoto alipolisoma neno aliona anachokijua. Akaliweka kwenye ngeli yake sahihi, akalipatanisha sawasawa, akatunga sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi wala la ukweli. Mimi nikapiga mkasi.

Nilichotaka kukiandika hapa ni hicho, na nimezunguka minazi yote kukifikia. Mkasi wangu ulitazama ukuta. Laiti ningemwuliza neno moja tu, "kipi?", angenionyesha. Sasa najiuliza kuhusu mikasi mingine. Wangapi waliniandikia mbuzi hii inauma, nikawapa huyu? Zamani kidogo kuna mtoto alinihoji kwa nini mama yuko A-WA lakini ni mama yangu, si mama wangu. Nikamjibu "ni kanuni" nikaendelea na kipindi. Jibu zuri zaidi lilikuwa kumwuliza yeye alijuaje, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, na hajawahi kukosea.

Leo asubuhi nilimwita kabla ya kipindi, alete daftari. Alikuja nalo kifuani, kama watu wanaotegemea kuongezewa mkasi. Nikaufuta ule wa namba saba, nikafuta na sentensi yangu ya pembeni, nikaandika 10. Aliitazama muda mrefu.

"Na kwenye karatasi ya maksi?"

Nikaitoa karatasi ya maksi, nikabadilisha mbele ya macho yake. Wenzake wawili walikuwa wameshasogea kuona kuna nini, na mmoja, mwenye mdomo, akauliza sasa kile kiboko chenyewe kiko wapi.

"Kimepotea," nikasema. Nilidhani tunacheza.

Yule wa dirishani alifunika daftari lake.

"Hakijapotea, mwalimu. Kiko nyuma ya kabati."